Himalayan 450 mpya, kilo 84 za vifaa, na mkia uliokataa kutulia

Pikipiki iliyoingia gereji pale Iringa ilikuwa bado inanukia upya: Royal Enfield Himalayan 450, kilomita 1,900 tu kwenye dashibodi, namba yake ya MC haina hata mkwaruzo. Mwenyewe ni mhasibu wa Dar es Salaam, umri wa miaka hamsini hivi, ambaye ujanani aliendesha Boxer kwa muda mrefu kabla hajahamia kwenye gari. Alikuwa na lalamiko moja, akalieleza kwa mkono: alinyoosha kiganja, akakipeleka kulia, kushoto, kulia. "Nikivuka tisini na tano, nyuma inaanza hivi. Nikipishana na lori, ndiyo balaa."

Safari hii, hadi Morogoro hakuona kitu, kwa sababu foleni ya malori haikumpa nafasi ya kukimbia. Mikumi nako mtu hutembea taratibu, kuna matuta na vibao vya faini za kugonga wanyama. Mambo yalianza alipotoka hifadhini na barabara ikafunguka. Alipofika Kitonga likazuka jingine: kwenye mpando ule usukani ukawa mwepesi mno, anakunja na pikipiki inachelewa kuitika. Alifika Iringa mabega yamekaza, na nusu ya akili yake imeshaamua kuiuza.

Tuiangalie pikipiki yenyewe kwanza, maana wengi wakisikia Himalayan wanafikiria ile ya awali ya cc 411, iliyopozwa kwa hewa na oili, yenye nguvu farasi 24 na ushei. Hii iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2023 ni mnyama mwingine: cc 452, ina rejeta, nguvu farasi karibu 40, toki (nguvu ya kuzungusha) Nm 40, gia sita. Tanki ni lita 17, tairi ya mbele inchi 21 na ya nyuma 17. Ikiwa na mafuta ina uzito wa kilo 196. Shokapu za mbele na ya nyuma zina nafasi ya kusafiri ya mm 200. Ile ya nyuma inakuruhusu kuongeza au kupunguza mkazo wa springi, lakini za mbele huna cha kugusa. Ikiwa kama ilivyotoka kiwandani inatulia barabarani vizuri tu, na fundi aliyekuwa nasi alishaendesha nyingine ya aina hiyohiyo bila shida. Kwa hiyo swali halikuwa kwamba pikipiki ina ubovu gani. Lilikuwa: imefanywa nini?

Imefanywa mengi. Mhasibu wetu aliagiza vifaa kabla pikipiki haijafika bandarini. Bampa za pembeni, bamba nene la kulinda injini, fremu za chuma za kubebea masanduku, masanduku mawili ya alumini, sanduku la tatu la juu kwenye keria, madumu mawili ya lita tano yaliyofungwa nyuma ya masanduku ya pembeni, taa mbili za nyongeza, vishikio vya usukani vyenye joto, chaja mbili za simu na tairi za kashata, zile zenye meno makubwa. Vyote vilifungwa kwa mkupuo, kabla hata ya sevisi ya kwanza ya kilomita 500. Hajawahi kuiendesha pikipiki hiyo ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, hata siku moja. Kwangu mimi hilo ndilo tatizo lililozaa mengine yote, kwa sababu pikipiki ilipoanza kuyumba hakuwa na kumbukumbu ya jinsi inavyotulia.

Na simlaumu kwa kifaa hata kimoja. Ukikichukua kila kimoja peke yake, kina sababu. Madumu? Kuna vipande vya kusini ambako kituo cha mafuta ni bahati. Vishikio vya joto? Anayecheka hajaamka alfajiri Makete mwezi wa saba. Shida ilikuwa jumla yao, na mahali vilipokaa.

Kabla ya safari hii alishalipeleka lalamiko lake kwenye gereji moja Dar. Huko walimwambia beringi za usukani zimelegea, wakazikaza, halafu wakamuuzia shokapu ndogo ya usukani ya kuzuia mtetemeko, ambayo alikuwa bado hajaifunga. Ushauri huo si wa kijinga. Beringi za pikipiki mpya hukaa vizuri baada ya kutembea kidogo, na zikilegea unazisikia ukibana breki ya mbele. Lakini walichanganya magonjwa mawili. Kuna mtetemeko wa usukani wenyewe: mbele inapiga haraka haraka, mara saba hadi tisa kwa sekunde, na mara nyingi hutokea kwenye mwendo wa kati, unapoachia mafuta. Na kuna kuyumba kwa pikipiki nzima: nyuma inavuta huku na huku polepole, mara mbili hadi nne kwa sekunde, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo inavyozidi. Kile kiganja cha mhasibu kilikuwa kinaeleza ugonjwa wa pili. Dawa aliyouziwa ni ya ugonjwa wa kwanza.

Tulianza na hizo beringi. Gurudumu la mbele likiwa juu, usukani ukiusukuma kidogo tu kutoka katikati unatakiwa uanguke wenyewe hadi mwisho. Huu uliganda katikati kama uliogundishwa. Fundi akalegeza nati robo ya mzunguko, akajaribu, akalegeza tena kidogo, hadi ukaanguka. Sehemu ya lile tatizo la Kitonga, la pikipiki kuchelewa kuitika, ilitoka hapo.

Baada ya hapo tukaenda kuazima mizani. Jirani wa gereji ni mnunuzi wa mahindi, ana ile mizani ya kuning'iniza magunia. Tukaitundika kwenye boriti na kupima kila kitu, kimoja kimoja, pamoja na vilivyomo ndani. Fremu za chuma kilo 8. Masanduku ya pembeni matupu kilo 11 yote mawili. La kushoto lilikuwa na kilo 14 za spana, tyubu za akiba na pampu, la kulia kilo 12 za nguo na jiko. Sanduku la juu na bati lake kilo 7, ndani kilo 13: kamera, maji, kompresa ndogo, na mfuko wa karanga ambao haukuhitaji kupimwa lakini tulipima. Madumu yaliyojaa kilo 9.5. Bampa 5, bamba la chini 4, taa na nyaya zake 1. Jumla kilo 84.5. Mwenyewe, akiwa na helmeti, buti na jaketi, alisoma 94.

"Kwa hiyo nimembeba mtu mwingine nyuma bila kujua," alisema.

"Afadhali ungembeba mtu, mzee," fundi akamjibu. "Mtu anakaa mbele ya ekseli."

Jibu hilo ndilo kiini cha kisa chote. Abiria anakaa kati ya magurudumu mawili, kwa hiyo uzito wake unagawanyika. Kinachokaa nyuma ya ekseli ya nyuma kinafanya kazi mbili: kinaikandamiza nyuma kwa uzito wake wote, na juu ya hapo kinainyanyua mbele, kwa sababu ekseli inageuka kuwa egemeo. Himalayan 450 ina mm 1,510 kati ya ekseli na ekseli. Sanduku la juu, kilo 20 zote, katikati yake ilikuwa sm 40 nyuma ya ekseli. Zidisha 20 kwa 40, gawa kwa 151: limenyanyua kilo 5.3 kutoka tairi ya mbele na kuzihamishia nyuma. Madumu, sm 45 nyuma, yamenyanyua 2.8. Masanduku ya pembeni na fremu zake, sm 10 tu nyuma, yamenyanyua 3. Kwa hiyo kati ya kilo 84.5, kilo 74.5 zilikuwa nyuma ya ekseli, tairi ya nyuma imebebeshwa karibu kilo 86, na ya mbele imepoteza 11.

Kilo 11 hazitishi sana. Hata mimi nilipozipata niliona ni chache mno kueleza lile yumbo. Kilichokamilisha maelezo ni springi.

Upimaji wake hauhitaji kifaa cha ajabu, ni futi na watu watatu. Tuliinyanyua nyuma hadi tairi ikaelea, tukabandika kipande cha utepe kwenye mkia, tukapima kutoka katikati ya nati ya ekseli hadi kwenye utepe: mm 645. Tukaishusha, tukarudisha mizigo yote, mhasibu akapanda na nguo zake zote za safari, mtu mmoja akashika usukani ili miguu yake itoke chini. Nikapima tena: mm 533. Imebonyea mm 112 kati ya 200. Kwa pikipiki ya aina hii unataka theluthi hivi ya safari ya shokapu, yaani mm 60 hadi 70. Yeye alikuwa ameshatumia zaidi ya nusu akiwa amesimama, hajakutana na shimo hata moja. Mkazo wa springi ulikuwa kama ulivyotoka kiwandani. Hakuna aliyeugusa, si aliyemuuzia wala aliyemfungia masanduku.

Nyuma ikishuka hivyo, pikipiki nzima inalala kuelekea nyuma. Ukilinganisha na mahali ilipotakiwa kukaa, ilikuwa imeshuka mm 45 za ziada. Gawanya kwa 1,510 unapata pembe ya nyuzi karibu 1.7. Shokapu za mbele zinalala zaidi kwa kiasi hichohicho, na usukani unapoteza ule wepesi wa kuitika. Ongeza na uzito uliotundikwa mbali nyuma: kitu cha kilo moja kikisogezwa mara mbili ya umbali kutoka katikati ya pikipiki, ugumu wake wa kugeuzwa na kusimamishwa unakuwa mara nne. Nyuma ikishaanza kwenda kulia, ina kishindo cha kuendelea kwenda kulia. Halafu upepo. Tulipima upana wa masanduku: sm 104, mapana kuliko usukani. Lori la Tunduma linapopita, hewa yake inayapiga masanduku hayo kwanza.

Jirani mwenye mizani, aliyekuwa amesimama pembeni muda wote, akatoa hoja ambayo kila mtu huitoa. Mbona Boxer inabeba magunia mawili ya mkaa na haiyumbi? Inayumba, ila haifiki mwendo wa kuonyesha. Mwenye mkaa anakwenda hamsini. Yumbo hili lina kizingiti cha mwendo, na uzito wa nyuma unakishusha. Mpe yule wa mkaa injini ya farasi 40 na lami tupu mbele yake, atakuja gereji naye.

Nadharia ikiisha inabidi barabara iseme. Tulichagua kipande kimoja kati ya Ifunda na Mafinga, asubuhi kabla upepo haujaamka, dereva yuleyule, mafuta kiasi kilekile, na tukabadilisha jambo moja kila safari. Upepo wa tairi ulikuja kwanza, kwa sababu ni wa bure. Ya nyuma ilikuwa na psi 24 asubuhi ikiwa baridi: aliipunguza kwa ajili ya rafu rodi, kisha akasahau kuirudisha. Tukaipandisha hadi kiwango cha mwongozo cha safari yenye mzigo. Yumbo likasogea, kutoka tisini na tano hadi mia na kitu, lakini lilikuwepo. Tukatoa sanduku la juu na madumu. Hapo aliporudi alikuwa anacheka ndani ya helmeti. Kilichobaki ni kutikisika kidogo nyuma ya lori. Tukaongeza mkazo wa springi hadi pikipiki ikabonyea vizuri. Ikatulia.

Safari ninayoithamini zaidi ni ile ambayo mhasibu hakutaka kuifanya: kurudisha sanduku la juu peke yake, na mizigo yake, bila kugusa kingine. Yumbo likarudi. Bila safari hiyo tungebaki tunabishana kama ni upepo wa tairi, springi au zile beringi zilizolegezwa, na yeye angerudi Dar na sanduku lake akiamini kwamba limesingiziwa.

Aliuliza afanye nini likimkuta tena akiwa peke yake barabarani. Asipigane na usukani, na asikamate breki ya mbele kwa pupa. Alegeze mikono, ainame kwenda mbele kidogo, aachie mafuta taratibu hadi litulie. Anayeukaza usukani analiongezea yumbo nguvu kwa mikono yake mwenyewe.

Cheni nayo ilikuwa na lake. Ilikuwa imerekebishwa pikipiki ikiwa tupu, kwa mkono mkali. Alipokaa na mizigo ikawa kama uzi wa gitaa. Cheni hubana kuliko wakati wowote pale ekseli ya nyuma, bolti ya swingi (ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma) na sproketi ya mbele vinapokuwa kwenye mstari mmoja, na nyuma ikibonyea vinakaribia mstari huo. Ukiinyima ulegevu ikiwa tupu, itakula beringi ya gia ikiwa na mzigo. Tukailegeza, dakika kumi zikaisha.

Umeme ulitoka wenyewe tukiwa tunafanya mengine. Fundi alikunja usukani kushoto hadi mwisho ili aisogeze pikipiki, honi ikafa. Akaurudisha, honi ikaamka. Nyaya za zile taa za nyongeza zilikuwa zimefungwa kwa kamba za plastiki kwenye shingo ya fremu pamoja na nyaya za kiwandani, zimevutwa bila ulegevu. Kila ukikunja kushoto zinanyooka zote na kusuguana na ukingo wa chuma. Ganda la waya mmoja lilikuwa limeshaisha, shaba inaonekana upana wa ukucha. Kilomita 1,900.

Tulipofuata huo waya tukakuta taa mbili za wati 40 kila moja, vishikio vya joto vya wati 35 na chaja za kama wati 20, vyote vimechomekwa kwenye waya mwembamba wa taa ndogo kwa vile vibanio vinavyong'ata ganda. Jumla wati 135, yaani ampea 11 na zaidi kwa betri ya volti 12, kwenye waya uliowekwa kwa ajili ya kitaa cha wati chache. Hakuna rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), hakuna fyuzi yake. Ilirekebishwa inavyotakiwa: waya mnene kutoka betrini, fyuzi ya ampea 15 karibu kabisa na betri, rilei inayoamshwa na taa ndogo ili kila kitu kizime pamoja na funguo, na kitanzi cha ulegevu kwenye shingo. Aliuliza kuhusu waranti. Nilimwambia ukweli: viungio vile vilivyong'atwa vinaonekana hata vikizibwa, na muuzaji akiviona ana hoja ya kukataa dai lolote la umeme. Awe na picha, na vipuri vyote vya awali avitunze.

Maamuzi ya mwisho hayakuwa yale ambayo mimi ningeyafanya. Ningeuza masanduku ya alumini nikachukua mabegi laini, nikaokoa fremu na kilo nyingi, na zaidi ya hapo nikaokoa mguu: kwenye mchanga pikipiki ikilala, mguu ukibaki chini ya sanduku la chuma ni hatari. Alikataa. Anataka kufunga kwa kufuli akilala gesti, na hiyo ni haki yake. Tulichokubaliana ni sanduku la juu kubaki Dar, kwa kwenda kazini. Madumu yafungwe tu siku ya safari inayoyahitaji, na yamwagwe kwenye tanki mara linapoyapokea. Spana, tyubu na pampu zikahamia kwenye mabegi mawili madogo yanayofungwa kwenye bampa za mbele, chini, pembeni ya rejeta lakini si mbele yake. Nyepesi ndizo zikabaki nyuma. Tulipopima mara ya mwisho, kwenye utepe uleule ilikuwa mm 578. Imebonyea 67.

Mkazo wa springi sasa umebaki kidogo kufika mwisho, na ni vema ieleweke kwamba kuukaza hakuifanyi springi iwe ngumu. Kunainyanyua pikipiki tu. Akitaka kubeba zaidi ya hapo anahitaji springi nyingine, ngumu zaidi, iliyochaguliwa kwa uzito wake na wa mizigo yake. Aliniuliza niandike uzito huo kwenye karatasi. Ile shokapu ndogo ya usukani bado iko kwenye boksi lake, na anatafuta mnunuzi.

Lililobaki ni la mkewe, ambaye ana kilo 62 na ameshaahidiwa Matema. Yeye atakaa mbele ya ekseli, hilo ni jema, lakini springi haitamwangalia usoni. Tulikaa na kalamu: wao wawili, mafuta, masanduku ya pembeni. Hata masanduku yakibaki karibu matupu, nguo nyepesi na makoti ya mvua basi, kwa springi hii itabonyea kupita theluthi, kwa hiyo kabla ya Matema inahitajika ile springi ngumu zaidi. Mizigo mingine itatangulia kwa basi hadi Kyela.